Bomba la pampu linatikiswa na mto? Lifungie mkia wa mpira, ila usiwe bendera

Sisi tunaolima mboga kando ya mto, mi niko upande wa Ruvu, shida yetu ni moja. Ukisimamisha bomba la kunyonyea maji kwenye mkondo, maji hayaliachi, linatikisika usiku kucha, nati zinalegea, mti ulioufungia unaanza kulala, na siku mto ukijaa unaenda asubuhi unakuta futivalvu, ile valvu ya kunyonyea iliyoko mwisho wa bomba chini majini, imeshaondoka na kipande cha bomba juu yake. Wengi tunakimbilia kuongeza nguzo. Mi niliongeza misimu miwili mfululizo mpaka pakawa kama zizi la ng'ombe, na kila nguzo unayoongeza nayo inasukumwa na maji vilevile, kwahiyo unajikuta unachimbia nguzo ya kushikilia nguzo. Hapa naelezea njia nyingine, ya kupunguza huo msukumo wenyewe kwa kulivika bomba mkia wa mpira unaojigeuza.

Kwanza ujue unapigana na nini. Maji yakikuta kitu cha duara yanagawanyika mbele, yanalikumbatia bomba mpaka ubavuni, afu yakifika hapo yanashindwa kuendelea kupinda kufuata mgongo wake, yanaachana nalo. Nyuma panabaki sehemu yenye presha ndogo. Yaani mbele bomba linasukumwa na nyuma linavutwa, na kule kuvutwa nyuma ndo watu wanakusahau. Msuguano wa maji na ngozi ya bomba, kwa bomba zetu hizi na mwendo wa mito yetu, ni asilimia chache tu za nguvu yote, kwahiyo yule anayekuambia paka rangi inayoteleza au paka grisi anakupotezea hela. Kazi iko nyuma ya bomba.

Na pale nyuma maji hayatulii. Yanajikunja kisulisuli upande wa kulia, kinaachia kinaondoka, kinajikunja kingine kushoto, kinaachia, kulia tena, kushoto tena, kwa zamu kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Chomeka fimbo kwenye mfereji uliotulia afu mwaga pumba za mbao juu yake utaviona kwa macho. Wahandisi wanaita njia ya visulisuli ya von Kármán, yule aliyeifanyia hesabu mwaka 1911 na 1912. Kila kisulisuli kinapoachia kinalivuta bomba kidogo upande wake, ndo maana linatikisika kulia na kushoto wakati mto unasukuma kwenda mbele.

Mwendo wa hiyo zamu unaweza kuupiga hesabu. Vincenc Strouhal, Mcheki mmoja aliyekuwa anachunguza kwa nini nyaya zinavuma kwenye upepo, alionyesha mwaka 1878 kwamba mvumo unafuata mwendo wa upepo na unene wa waya, na kwa kitu cha duara namba inakaa karibu 0.2. Chukua mwendo wa maji kwa mita kwa sekunde, zidisha 0.2, gawanya kwa kipenyo cha bomba kwa mita. Bomba la inchi 4 nje lina milimita 110, maji yakienda mita 1 kwa sekunde unapata 1.8, yaani karibu mitikisiko miwili kila sekunde. Sasa kama fremu yako ukiisukuma kwa mkono nayo inayumba karibu mara mbili kwa sekunde, hapo umekwisha, mto unaipiga kwenye mdundo wake wenyewe kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea.

Nguvu nayo inapigika hesabu na naomba usiruke hapa maana ndo inakuambia kama shida yako inastahili hii kazi. Nusu, mara 1000 ambayo ni uzito wa maji kwa mita ya ujazo, mara mwendo mara mwendo, mara 1.2, mara kipenyo, mara kimo cha bomba kilichozama. Hiyo 1.2 ndo namba ya ukinzani, dragi kwa lugha ya mafundi, ya bomba tupu la duara. Bomba langu la milimita 110 likiwa limezama mita moja na nusu kwenye maji ya mita 1 kwa sekunde linapata nyutoni 99, kama kilo 10 zinaning'inia. Mto ukichangamka ukafika mita 2 kwa sekunde nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, kilo 40. Na hapo bado halijatikisika. Likianza kuyumba, dragi inapanda zaidi, kanuni moja inayotumika sana inasema ikiyumba nusu ya kipenyo chake kila upande basi ukinzani unakuwa kama mara mbili. Kilo 80 kwenye fremu ya miti na misumari.

Mwendo wa mto pima kwa chungwa. Serious kabisa, chungwa linaelea huku limezama karibu lote kwahiyo upepo haulichezei sana. Pima mita 10 ukingoni kwa kamba, tupa chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza, hesabu sekunde kwa simu, rudia mara tatu. Ukipata sekunde 10 ni mita 1 kwa sekunde pale juu, na wastani wa kina chote chukua 0.85 ya hiyo.

Dawa sasa. Miaka ya 1950 huko Marekani, mtafiti Anatol Roshko aliweka ubao mwembamba nyuma ya silinda, ukiwa umenyooka na mkondo, na dragi ikashuka kwa zaidi ya theluthi moja. Ubao ule haukufanya kitu cha ajabu, uliingia katikati ya wale visulisuli wa kulia na wa kushoto ukawakatalia kupokezana. Wakishindwa kupokezana, presha ya nyuma inapanda, kuvutwa kunapungua. Ndo siri yote.

Sasa utasema si nipigilie tu ubao. Usipigilie. Ubao uliokazwa una shida mbili na zote nimezikuta. Ya kwanza, mto haukai upande mmoja, ukijaa unakuja kwa pembe nyingine, mchanga ukihama mkondo unahama, na ule ubao uliokuwa umenyooka na maji sasa umegeuka tanga, unakamata maji kuliko bomba lenyewe. Ya pili ni mbaya zaidi, bomba likiwa na ubao uliokazwa na fremu ina ulegevu kidogo, linaweza kuanza kuyumba mayumbo makubwa ya pole pole ambayo yanakua kadiri mto unavyoongeza kasi. Hiyo imeshaonyeshwa maabara, siyo mkosi wako. Kwahiyo mkia lazima uweze kujigeuza wenyewe kufuata maji, na uwe na ulaini kiasi.

Kiasi, narudia. Mi mwanzoni nilijifanya mjanja, nikachukua turubai, nikakata mkia wa mita nzima, nikaufunga nyuma ya bomba kwa kamba nikijua utaelea vizuri kama mkia wa samaki. Jioni ulikuwa unapendeza. Usiku mto ukaongezeka kidogo na ule mkia ukaanza kupiga kama bendera kwenye nguzo ya shule, pa, pa, pa, na asubuhi klempu mbili zilikuwa zimekatika na turubai limeenda kwa watu wa Bagamoyo. Baadaye ndo nikaelewa, kitambaa kinachopigapiga kwenye mkondo kina ukinzani mkubwa kuliko ubao wa saizi ileile uliotulia. Bendera inaongeza dragi, haipunguzi. Unachotaka ni kitu kama kipande cha soli, kinapinda ukikibana lakini ukikiachia kinarudi.

Mpira wa tyubu kwahiyo usihangaike nao, ni laini mno. Turubai hapana. Tafuta mpira wa shiti wa milimita 3 duka la vifaa, au ile mipira ya kuzuia matope inayoning'inia nyuma ya matairi ya malori, au nenda kwa mafundi wa katambuga, vile viatu vya tairi, uwaulize vipande vya ubavu wa tairi japo vile vina mkunjo wake na vinasumbua kukaa sawa. Utahitaji pia boliti za milimita 6 zilizopakwa zinki au za stenlesi, waisha pana, klempu za bomba, keekee au drili, kisu kikali na maji ya sabuni maana mpira ukikatwa mkavu unashika kisu.

Kata hivi. Karatasi ya mpira inalizunguka bomba lote afu ncha zake mbili zinakutana nyuma na kubanwa pamoja, hizo ncha zilizobanwa ndo mkia. Ukilitazama kwa juu linakuwa na umbo la tone la maji. Urefu wa mkia fanya kipenyo kimoja mpaka kimoja na nusu, usizidi hapo mara ya kwanza. Upana wa kukata ni kipenyo mara 3.14, jumlisha mkia mara mbili, jumlisha sentimita moja ya uhuru. Kwa bomba la milimita 110 na mkia wa sentimita 15 ni 35 na 30 na 1, sentimita 66. Kwa bomba la milimita 63 na mkia wa sentimita 8 ni karibu sentimita 37. Kimo cha kila kipande sentimita 30 tu, usitengeneze kimoja kirefu cha mita na nusu, kwa sababu maji ya chini na ya juu hayaendi sawa na kila kipande kinatakiwa kigeuke kivyake, na kimoja kikichanika unabadilisha hicho hicho.

Toboa mstari wa kwanza wa matundu karibu kabisa na bomba, kila sentimita 7 au 8, funga boliti na waisha pande zote. Mstari wa pili unauweka katikati ya mkia, na huo ndo mstari wa kuchezea ugumu. Ukiulegeza mkia unakuwa na shiti mbili zinazoteleza kila moja kivyake, laini, ukiubana na ukapaka gundi ya viraka katikati unakuwa kitu kimoja kizito. Unene ukiongezeka mara mbili ugumu unaongezeka mara nane, siyo mara mbili, kwahiyo gundi peke yake inabadilisha mambo sana. Na urefu nao hivyohivyo kwa upande wake, mkia ukiukata nusu, ncha yake inakuwa ngumu kuisukuma mara nane. Ndo maana nasema ukiona unapigapiga usikimbilie kununua mpira mwingine, chukua kisu upunguze sentimita mbili.

Mkazo wa kulizunguka bomba ni wa kuangalia sana. Kikibana sana hakigeuki, umerudi kwenye ubao uliokazwa. Kikilegea sana kinacheza huku na huku na kutikisa bomba upya. Watafiti akina Assi na Bearman walipojaribu mikia inayozunguka kwenye silinda, waliona lazima kuwe na msuguano wa kutosha kwenye kuzunguka, chini ya kiwango fulani mkia hautulii. Kipimo changu cha kienyeji, bomba likiwa limelala chini kavu, shika mkia kwa vidole viwili uugeuze, ugeuke kwa kusita, ukiachia ubaki ulipo. Ukianguka wenyewe kwa uzito wake umelegea. Chini ya kila kipande weka klempu moja ili kisiteremke, na juu nyingine, acha nafasi ya unene wa kidole.

Kitu kimoja kisikushtue, haohao watafiti walikuta mkia unaozunguka wenyewe haukai katikati kabisa, unachagua upande, unalala kwa pembe kidogo kushoto au kulia na kutulia hapo. Mi niliona nikadhani nimekosea kutoboa, nikavua vyote nikafunga tena, ukalala upande wa pili. Acha ulale. Una kamsukumo kadogo ka pembeni ila hakatikisi.

Kufunga kote fanya nchi kavu. Usiingie mtoni kufunga mkia, Ruvu ina mamba na viboko na hakuna bomba la thamani ya mguu wako. Toa bomba, livike, lishushe na mkia wake. Na kama ni fremu mpya unaweka kwenye mto basi kibali cha bodi ya maji ya bonde uwe nacho, wakija kukagua wasikute mambo nusunusu.

Kabla ya mto mkubwa jaribu kwenye mfereji. Chukua bomba la milimita 50, lining'inize kwenye ubao uliovuka mfereji kwa boliti moja ili liweze kubembea, litumbukize sentimita 40, afu lizuie lisirudi nyuma kwa kutumia ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo ya safari, ukiwa umeifunga upande maji yanakotoka. Kwenye maji ya nusu mita kwa sekunde nguvu yenyewe ni nyutoni 3, gramu 300 hivi, ila mizani itasoma namba nyingine kutegemea umeifunga juu au chini kwenye lile bomba, usijali, unachotafuta ni tofauti. Hakikisha bomba limesimama wima wakati unasoma, andika namba, vika mkia mdogo wa saizi yake, soma tena palepale, saa ileile, maana mfereji nao hupanda na kushuka watu wa juu wakifungua maji. Namba ikishuka, vizuri. Ikipanda basi mkia unapiga, uutazame kwa makini, ncha yake inatetemeka haraka. Punguza urefu, jaribu tena. Theluthi ya Roshko ilikuwa ya ubao mgumu maabara wenye urefu wa vipenyo vitano, kwahiyo wewe ukipata hata sehemu ya hiyo ushukuru, faida kubwa utaiona kwenye mtikisiko kuliko kwenye kilo.

Walioko pwani wanaosimamisha nguzo kwenye mikondo ya bahari, huko hii ndo mahali pake hasa, maji kujaa na kupwa yanageuka kila baada ya saa sita na kidogo, ubao uliokazwa ungekuwa sahihi nusu ya siku tu. Tumia vilevile ila boliti za stenlesi siyo zinki, na kila mwezi chokonoa vile vigamba vinavyoota kati ya mpira na nguzo vinavyozuia kuzunguka. Vigamba vyenyewe kwenye nguzo tupu ni dragi tosha, vinanenepesha nguzo na kuifanya mbaya, mara nyingine kusugua tu kunakupa zaidi ya mkia. Na kama nguzo ni nene sana, sentimita 40 kwenda juu, safi na laini, na maji yanakwenda kasi, mkia hauna maana kubwa, kwa vitu vinene kwenye kasi maji yenyewe yanabadilika yanalishika umbo mpaka nyuma zaidi na ile 1.2 inaporomoka mpaka karibu 0.3 bila wewe kufanya kitu.

Kamba za nanga zinazoimba kwenye mkondo ni habari ya pembeni kidogo. Huko hawaweki mkia, wanasokotea nyuzi au vishada vya riboni kwenye kamba yote, unaonekana kama mkia wa mbwa mwenye manyoya. Inaua mtetemo vizuri, lakini ukinzani wenyewe wakati mwingine unabaki au unapanda kulinganisha na kamba iliyotulia, faida ni kwamba kamba yako haikuwa imetulia. Kuna hesabu za kompyuta za mwaka 2009 za akina Favier ambapo silinda iliyowekwa vinyweleo vinavyopinda upande wa nyuma ilipunguza dragi karibu asilimia 15, ila ile ilikuwa silinda ndogo kwenye maji ya pole sana, usije ukavika bomba lako brashi ukanilaumu mimi. Na zile mbavu zinazozunguka kama skrubu kwenye mabomba marefu ya moshi viwandani, hizo zinazuia kuyumba tu, dragi zinaiongeza. Usizichanganye.

Adui wa mkia kwenye mto siyo maji, ni takataka. Magugu, mifuko, matawi, vinanasa pale kipande kimoja kinapokutana na kingine na ukiacha siku tatu umeshajenga bwawa. Ziba zile nafasi kwa ukanda mwembamba wa tyubu uliofungwa upande mmoja tu ili vipande vibaki vinageuka, na juu ya bomba, mita moja mbele upande maji yanakotoka, funga mti ulale kwa pembe juu ya maji uchepushe vinavyoelea. Mi kila asubuhi kabla ya kuwasha pampu naushika mkia wa juu kwa fimbo ndefu naugeuza mara moja, ukigoma najua kuna kitu kimenasa huko chini. Na mwezi wa tatu kabla masika hayajachanganya navua vyote naviweka juu kwenye kibanda cha pampu, maana magogo yanayokuja na mafuriko hayajui mkia wala bomba, ila mwaka huu panya wamekula ncha za vipande viwili, sasa navining'iniza kwa waya.